UKITUNZA MAJANI, CHUI ATAKUJA
Safu ya Bwana Shamba



Mwezi huu sizungumzii mahindi wala pamba. Nataka kujibu swali ninaloulizwa mara nyingi na wafugaji wanaoishi karibu na mapori. Wanasema: "Bwana Shamba, chui ni adui wa mbuzi wetu. Kwa nini watu watoke mbali, walipe fedha nyingi, waende kumtazama tu?"

Swali hili ni zuri. Ili tulijibu, twendeni pamoja mpaka Afrika ya Kusini. Huko kuna pori linalosifika duniani kwa chui na simba. Linaitwa Sabi Sand.

MASHAMBA YALIYOUNGANA

Sabi Sand si hifadhi ya taifa. Ni mashamba mengi yenye wenyewe, yaliyounganishwa kuwa pori moja. Wenye mashamba waliunda umoja wao mwaka 1948. Pori lote ni kama hekta 65,000. Jina lake limetokana na mito miwili, Sabie na Sand.

Upande wa mashariki limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Kruger, iliyoanzishwa mwaka 1926. Mwaka 1961 ulijengwa uzio mrefu katika mpaka huo. Nyumbu waliozoea kuhama kutafuta majani na maji wakafungiwa njia. Mwaka 1993 uzio huo uliondolewa. Sasa wanyama huenda na kurudi wapendavyo.

ARDHI ILIYOKUWA IMECHOKA

Msidhani kwamba pori hili lilikuwa zuri siku zote. Shamba moja la humo, ambalo sasa linaitwa Londolozi, lilinunuliwa mwaka 1926 baada ya ufugaji wa ng'ombe kushindwa. Ng'ombe walikuwa wamelishwa kupita kiasi. Majani yaliisha, vichaka vya miiba vikafunga. Mvua iliponyesha, maji hayakuingia ardhini. Yalikimbia, yakachimba makorongo na kuchukua udongo.

Katika miaka ya 1970 ndugu wawili, Dave na John Varty, walianza kupokea wageni hapo. Wanyama walikuwa haba. Mtaalamu wa mazingira, Ken Tinley, akawashauri waanze na ardhi, wanyama watafuata. Basi wakafyeka vichaka vilivyozidi. Matawi wakayalaza ndani ya makorongo ili yapunguze kasi ya maji na kushika udongo. Maji yakapata nafasi ya kuzama, na majani yakarudi.

Yaliporudi majani, walirudi wenye kula majani. Waliporudi hao, wenye kula nyama nao walipata chakula. Ndiyo maana nasema chui ni mavuno. Hakuna anayempanda, lakini huja mahali ardhi inapotunzwa.

MGENI ANAVYOMWONA CHUI

Chui ni mnyama wa siri. Zamani mgeni aliweza kukaa siku nyingi porini asimwone hata mmoja. Mwaka 1979, hapo Londolozi, chui jike mmoja alianza kuyazoea magari. Hakulishwa wala hakufungwa. Watu walimwendea polepole, bila kelele, siku baada ya siku. Watoto wake walikua wakiyaona magari kama kitu kisicho na madhara.

Siku hizi mgeni hutoka mara mbili kwa siku: alfajiri, na tena jioni mpaka giza liingie. Gari huwa wazi, halina paa. Dereva ndiye mwongozaji. Mbele kabisa, juu ya kiti kilichofungwa puani mwa gari, hukaa msoma nyayo. Yeye hutazama mchanga. Akiona alama huweza kusema ni chui dume au jike, na kama amepita usiku au sasa hivi. Mgeni hukatazwa kusimama ndani ya gari au kushuka ovyo. Tena magari hayaruhusiwi kumzunguka mnyama mmoja kwa wingi. Ni machache tu, mengine husubiri zamu.

Wengi wa wasoma nyayo ni Washangaani wa vijiji vya jirani. Ujuzi huo waliupata kwa wazee wao. Mwaka 2010 ilianzishwa hata shule ya kuufundisha, iitwayo Tracker Academy. Ninyi mliohitimu madarasa ya kisomo mtaelewa jambo hili. Kuna kusoma kitabu, na kuna kusoma ardhi. Zote mbili ni elimu, na zote mbili zinaweza kumpa mtu kazi.

UZIO NA NG'OMBE WA JIRANI

Upande wa magharibi wa Sabi Sand kuna vijiji vingi vya Bushbuckridge, na huko uzio ungalipo. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia simba na tembo wasiingie vijijini. Kazi ya pili ni kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Nyati wa Kruger hubeba vijidudu vya ugonjwa huo bila kuonekana wagonjwa. Ng'ombe akiupata, soko la mifugo hufungwa na mfugaji huumia.

Lakini maradhi hupita njia zote mbili. Kifua kikuu cha ng'ombe kilitoka kwa mifugo kikaingia kwa nyati wa Kruger. Kiligunduliwa kwa nyati hao mwaka 1990. Simba nao wakakipata kwa kula nyati wagonjwa. Kwa hiyo afya ya ng'ombe wako na afya ya simba wa jirani yako ni jambo moja.

NANI ANAVUNA?

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mwaka 1913 serikali ya wazungu wa Afrika ya Kusini ilitunga sheria ya ardhi. Waafrika, ambao ndio wengi, waliachiwa kama asilimia 7 tu ya nchi. Mwaka 1936 sehemu hiyo iliongezwa kufikia kama asilimia 13. Watu wengi walihamishwa kutoka walipozikwa babu zao. Kwa miaka mingi waliishi nje ya uzio wakitazama magari ya wageni yakipita.

Ubaguzi ulipoangushwa mwaka 1994, ilitungwa sheria ya kurudisha ardhi. Jamii ya N'wandlamhari ilidai eneo la MalaMala, lililo ndani ya Sabi Sand. Mwaka 2013 serikali ililinunua kwa fedha zipatazo randi bilioni moja, ikawarudishia. Ni kama hekta 13,000. Wenyewe hawakulikata viwanja. Waliliacha liendelee kupokea wageni, safari hii wakiwa wenye ardhi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Chui akimnufaisha mwenye kambi peke yake, jirani atamwona adui, na hana kosa. Chui akileta ajira, zahanati na madarasa kijijini, jirani huyo huyo atakuwa mlinzi wake. Lakini hati ya ardhi peke yake haitoshi. Mali ya wengi inataka hesabu za wazi. Kila mwanakijiji aweze kuuliza: kiasi gani kimeingia, kimekwenda wapi?

TUFANYE NINI KWETU?

Sisi tunaopakana na mapori tunaweza kuanza na haya:

1. Tuzibe makorongo yetu mapema kwa mawe na matawi, kabla hayajawa makubwa.

2. Tupunguze mifugo ilingane na malisho. Ng'ombe wachache wenye afya ni bora kuliko kundi la mifupa.

3. Mbuzi na ndama waingie zizini kabla ya magharibi. Zizi liwe refu na lenye miiba minene. Chui hupenya penye tundu, na huruka penye ufupi. Zizi lenye paa ni salama zaidi.

4. Tusitie sumu kwenye mizoga. Sumu haichagui. Huua tumbusi wanaosafisha mizoga, huua mbwa wako, na inaweza kumdhuru hata mtoto.

5. Mifugo ipelekwe kwenye chanjo kila bwana mifugo anapotangaza.

6. Kijiji kikipata fedha za wageni au za uwindaji, hesabu isomwe mbele ya mkutano mkuu, na ibandikwe ukutani. Sasa mnajua kusoma. Isomeni wenyewe.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Nitaeleza jinsi ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.