Usimchape Mtoto Anayepepesa Macho

Pengine umewahi kumwona mtoto anayepepesa macho kila mara, anayetikisa shingo, au anayeguna bila sababu. Wengine husema ni mtundu. Wengine husema amerogwa. Hayo si kweli.

Jambo hili hutokana na ubongo. Haliambukizi. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa miaka 4 hadi 7. Mwaka 1885 daktari wa Ufaransa, Gilles de la Tourette, aliandika habari za wagonjwa 9 wa namna hii.

Mtoto aweza kujizuia kwa muda mfupi, kama mtu anavyozuia chafya. Kisha hushindwa. Ndiyo maana watu hudhani anafanya kusudi. Ukimchapa, hofu huzidi, na kutikisika nako huzidi.

Mzazi, usimkaripie. Mwalimu, usiwaruhusu wenzake wamcheke. Watoto wengi hupata nafuu wakikua. Ikiwa anaumia au anashindwa masomo, mpeleke kwa mganga wa zahanati. Akianguka na kupoteza fahamu, mpeleke upesi, kwani huenda hicho ni kifafa.

Fimbo haitibu ubongo.