Vigwaza, tupime dawa za miti kabla ya kuziuza

Wiki iliyopita, karibu na mizani ya malori hapa Vigwaza, niliona mizizi imeanikwa kando ya lami juu ya kiroba cha mbolea, malori ya foleni yakiifukizia moshi. Pembeni, mama mjamzito alikuwa akinunua unga wa mizizi ya namna hiyo, umetiwa kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kupulizia nyanya. Alama ya fuvu ilikuwa bado inaonekana. Nikamuuliza muuzaji kama dawa imepimwa, akanitolea cheti chake cha uganga. Waliokuwepo wakaridhika, mama akalipa akaondoka.

Hicho cheti ni cha mganga, si cha dawa! Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na Baraza lake husajili mganga kivyake, dawa kivyake. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Dar es Salaam, si mbali na hapa. Kwa nini hatupimi? Gharama, haraka, mazoea. Kwa mama yule, hizo si sababu.

Metali zenye sumu zinazoweza kuchafua dawa hizi, kama risasi, kadimi na zebaki, hazina harufu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea. Humfikia mtoto tumboni na kumharibia ubongo. Mizizi iliyofungwa mbichi nayo huweza kuota kuvu wa kutoa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Lori likizidisha uzito hapa Vigwaza halipiti. Unga wa kunywa mjamzito unapita!

Mimi ni mtu wa mwarobaini na mlonge, nimelelewa nayo. Ndiyo maana nasema na waganga kwanza: changeni fedha, mpeleke sampuli za pamoja, na kila mzigo mpya upimwe, kwa kuwa mzizi wa porini na wa kando ya barabara si kitu kimoja. Anikeni juu ya chanja, mbali na lami. Chupa za viuatilifu zitobolewe zisitumike tena. Serikali ya kijiji ilete ajenda hii mkutano mkuu ujao, mratibu wa tiba asili wa halmashauri aitwe, aje atujibu mbele ya watu.

Nawe mnunuzi, usikubali kuonyeshwa cheti cha mtu. Dai majibu ya maabara ya dawa yenyewe. Yakikosekana, rudisha chupa, umwambie na anayekufuata asinunue.