Dhiki Haifuti Deni, Wala Kujificha Hakulipi

Kila sifa njema inamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, kuna kauli inayozidi kuenea vibarazani mwetu: "Mimi ni mwenye dhiki, na Qur'ani imeamuru nipewe muda." Neno hili ni la haki, lakini wengi hulitumia kwa batili. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamuamrisha anayedai ampe muhula mdaiwa aliyekwama. Haikumruhusu mdaiwa kuzima simu, wala kuhama msikiti ili asikutane na anayemdai. Utampaje muhula mtu usiyemuona?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Ka'b bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya Msikiti wa Mtume mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (s.a.w.) akafunua pazia la chumba chake, akamuashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamuamuru mdaiwa asimame alipe iliyobaki. Zingatieni: mmoja alisamehe, mwingine akaamriwa kulipa, na hapana aliyejificha.

Wako wanaokimbia aibu ya kusema, wakaangukia "kausha damu" na mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Lakini hata yenye leseni, riba ni riba. Aliyekopeshwa 100,000 na muuza duka bila ziada, kisha akakopa kwa riba ili amlipe, hakutoka katika deni. Ametoka katika halali.

Nanyi mnaodai, mcheni Allah. Kumfedhehesha mwenye dhiki mbele za watu si katika mwenendo wa Ka'b. Na kumwongezea muda kwa sharti la kuongeza kiasi ndiyo riba ya Jahiliyya yenyewe.

Nanyi wasimamizi wa misikiti, wadaiwa wana fungu lao la Zaka, la sita kati ya manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Ni kamati ngapi zinazowauliza waumini madeni yao kabla ya kugawa?

Basi ewe ndugu mwenye deni, mwendee anayekudai kabla ya Ijumaa ijayo. Mweleze hali yako bila ya kuongopa. Andikeni kiasi kilichobaki mbele ya mashahidi, kama inavyoamuru aya ya 282, na utaje utakacholipa kila mwezi, ijapokuwa ni shilingi 5,000. Harusi ya fahari na simu mpya zisubiri.

Tusingoje mpaka jeneza liwe mbele ya imamu, ndipo jamaa wasimame kuuliza nani anamdai marehemu.

Wabillahi Tawfiq.