Mikono ya Gurudumu: Tuchague kwa Hesabu, Si kwa Bei

Katika klabu yetu ya sayansi muhula huu pana mabishano makubwa. Tumekubaliana kuunda kigari kidogo cha mashindano, lakini hatujakubaliana juu ya vyuma vya mikono ya magurudumu ya mbele. Wenzetu wengine wasema twende kwa wauza vyuma chakavu hapa Kahama tukachukue kila kitu, kwani bei ni ndogo. Wengine wasema tuagize vyote kutoka ng'ambo, la sivyo tuache. Mimi naona pande zote mbili hazijalipima jambo lenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kulala chini ya motokaa, mkono ni chuma kinacholishika gurudumu na kuliunga na chasisi, ili lipande na kushuka bila kwenda upande. Katika magari mengi ya mashindano kila gurudumu la mbele lina mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini. Mkono ukikatika, dereva hana tena uwezo juu ya gurudumu lile.

Je, mikono hii miwili yapata nguvu sawa? La. Tukumbuke kanuni ya momenti tuliyofundishwa katika Fizikia. Tuseme kiungo cha mkono wa chini kiko sentimita 20 kutoka ardhini, na cha mkono wa juu sentimita 50. Gari likikata kona, ardhi hulisukuma tairi upande, tuseme kwa nyutoni 3,000. Ukipiga hesabu, mkono wa juu wapata nyutoni 2,000, na wa chini wapata 5,000, yaani kupita hata ile nguvu iliyotoka ardhini! Na kama springi imekaa juu ya mkono wa chini, mkono huo hubeba pia uzito wa gari na hutaka kupinda. Basi huo ndio unaostahili chuma kinene na kiungo bora.

Sasa tuutazame uchaguzi wenyewe. Wapo wanaopendekeza majani ya springi za malori, maana malori ya Rwanda na Burundi hupita mjini kwetu na vyuma hivyo havikosekani. Wanasema ni chuma kigumu. Ni kweli, lakini ugumu si uimara. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Kikichomelewa na kupoa upesi, huwa kama kioo pembeni mwa mahali palipochomelewa, kikaingia ufa. Afadhali bomba la chuma laini lisilo na mshono. Likizidiwa hupinda kwanza, nasi twaliona kabla halijakatika. Mabomba ya maji yenye zinki tusiyaguse, kwani moshi wake humdhuru mchomeleaji.

Kuhusu viungo, wengine wavutiwa na vile vya duara visivyo na kifuniko, ambavyo hutumika katika magari ya mashindano ya Ulaya. Ni vyepesi, lakini vumbi la Kahama wakati wa kiangazi litavila upesi, na shingo zake hazivumilii kupindwa. Yafaa tuchukue boljointi mpya ya gari dogo, yenye mpira wa kuzuia vumbi, ipatikanayo katika maduka ya spea mjini, kisha tuuchore mkono kuifuata. Ifungwe kwa bolti wala isichomelewe, kwa maana moto huharibu grisi na mpira. Bolti nazo ziwe na alama 8.8 kichwani. Namba ya kwanza yatuambia kwamba chuma chake chavumilia kuvutwa kwa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba; ya pili, kwamba chaanza kurefuka bila kurudi kikifikia sehemu nane katika kumi za nguvu hiyo. Bolti isiyo na alama haituambii neno.

Tukitaka kuokoa fedha, tuokoe kwenye kiti, bodi na rangi. Hapo vyuma chakavu ni baraka.

Wasiosadiki wakumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Gari kuukuu si aibu. Aibu ni kutojua kila kipande chake kinabeba nini.

Wazazi nao wasidhani huu ni mchezo wa watoto. Mikono ya namna hii imo katika magari madogo yanayotupeleka nyumbani shule ikifungwa. Mara nyingi mkono uliokatika huchomelewa kando ya barabara kwa chuma chochote kilichoonekana, kisha abiria hupakiwa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa huvunja shingo za watu. Kijana aliyejifunza katika kigari cha shule kukataa bolti isiyo na alama, kesho akiwa fundi ataikataa pia mbele ya tajiri mwenye haraka.

Kwa hiyo naomba uongozi wa shule utununulie boljointi na bolti mpya, na mwalimu wa Fizikia akague hesabu zetu kabla chuma hakijakatwa. Hayo ndiyo maoni yangu. Anayeona vingine ajibu katika toleo lijalo, lakini aje na hesabu.