Anayetaka kuacha pombe Waberi aende wapi?

Mwulize mzee wa Waberi, mjini Garissa, kama mtaa wake una walevi. Aghalabu atakujibu kwamba pombe ni mambo ya wageni waliotoka bara. Mwulize na mfanyakazi wa serikali aliyehamishiwa huko, naye atakwambia kwamba mji huo ni wa Waislamu na pombe haionekani. Wote wawili wanaficha jambo. Kileo kinaingia Garissa, na wanaokinywa wamo wageni na wamo wenyeji. Isitoshe, wako watafunaji wa miraa ambao usiku ukiwa mkubwa, macho yakikataa kufumba, hutafuta kileo ili wapate usingizi.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, mmoja wao amechoka na anataka kuacha. Aende wapi? Akimwambia imamu au kasisi, anaogopa habari zitafika sokoni kabla yake. Akimwambia mkubwa wake kazini, anaogopa barua. Basi hunyamaza akaendelea kunywa. Kwa maoni yangu, huyu anahitaji mwenzake mmoja wa kuzungumza naye kuliko anavyohitaji mawaidha, maana mawaidha ameshayasikia ya kutosha.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ule umoja wa Alcoholics Anonymous, au AA. Mwaka 1935, mfanyabiashara Bill Wilson alikuwa mjini Akron, Marekani, biashara yake imeharibika na baa iko karibu. Badala ya kuingia baa, alipiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akapelekwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama katika pombe. Walikuwa wawili tu. Hadi leo AA haitozi ada, wala haiulizi jina la ukoo wala dini. Sharti ni moja, mtu awe anataka kuacha pombe. Mmoja husema yaliyompata na wengine husikiliza, na yanayosemwa humo hayatoki nje. Mahali ambapo aibu ni kubwa kama Garissa, sijui utaratibu gani mwingine ungefaa zaidi.

Wako watakaosema kwamba hilo ni kanisa limevaa kanzu. Hofu hiyo haina msingi. Hatua 12 za AA humtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu. Tena mwaka 1989, Waislamu wa mji wa Baltimore, Marekani, waliunda kikundi chao, Millati Islami, wakazifasiri hatua hizo kwa misingi ya Uislamu.

Taabu ni kuupata mkutano wenyewe. Vikao vya AA viko Nairobi kwa miaka mingi, lakini kutoka Garissa ni kama kilomita 370, na hakuna mshahara wa kupanda basi kila wiki. Kwa hiyo anza na simu. Nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Uliza kikundi au mshauri aliye karibu nawe. Pia, tangu ugonjwa wa korona uliposambaa mwaka 2020, vikundi vingi hukutana kwa njia ya intaneti. Mwalimu aliye Waberi anaweza kufunga mlango wake jioni, akavaa vipokea sauti masikioni na kukaa pamoja na watu wa Nairobi.

Hapa nitoe onyo. Ikiwa unakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka upate kileo, usiache ghafla peke yako chumbani. Kifafa kinaweza kukushika ndani ya siku mbili za kwanza, kisha ukafuata mchafuko wa akili, mtu akawa anaona visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Nenda kwanza hospitali kubwa ya kaunti, ile iliyokuwa ya mkoa kabla ya ugatuzi, umwambie daktari ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Dawa za kukuvusha siku hizo zipo. Kikundi kitafuata baadaye.

Na kama kikundi hakipo karibu, kianzisheni, kwani wawili wanatosha. Ila mchague mahali kwa akili. Msikiti utamfukuza Mkristo, kanisa litamfukuza Mwislamu, na ofisi ya chifu, anayewasaka wapika chang'aa, itawafukuza wote. Mimi ningechagua chumba katika hospitali. Anayeingia hospitalini huenda anaumwa jino, huenda ana malaria, na hakuna atakayemuuliza. Serikali ya kaunti ikitoa chumba kimoja na viti kumi kwa saa moja kila wiki, haitahitaji bajeti ya ziada.

Mke naye asisahauliwe. Jamaa za walevi wana umoja wao, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951 na mke wa huyo Bill Wilson pamoja na rafiki yake. Hauhitaji mume awe amekubali kuacha. Mama anayelala akisikiliza hatua za mlevi mlangoni anaweza kwenda mwenyewe wiki hii, mumewe akiwa bado anabisha kwamba hanywi.