Baba, Mama au Mfanyakazi? Tunachobishania Hasa

Wabongo wa London kwa kubishana hatujambo. Uchaguzi wa nyumbani ukikaribia, kuanzia Barking mpaka Reading, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye magrupu ya WhatsApp, ni CCM na Chadema tu, nani kaiba, nani kasusa. Mimi nasema tunapoteza pumzi. Ugomvi wetu si wa vyama. Kuna swali tunalolikwepa: serikali ni mzazi wetu, au ni mfanyakazi tuliyemwajiri?

Anayeamini ni mzazi humshindi kwa ushahidi wa kura bandia hata umletee gunia zima. Mzazi hachaguliwi! Utamnung'unikia jikoni, lakini humfukuzi nyumbani kwake. Na mtoto akipiga kelele akachapwa, kajitakia. Ndiyo maana baada ya 29 Oktoba 2025, intaneti imezimwa, Dar ina amri ya kutotoka nje, vijana wamepigwa risasi, walikuwepo watu wazima hapahapa London ambao swali lao la kwanza lilikuwa vijana wale wametumwa na nani. Siyo nani kafyatua. Nani kawatuma. Kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, chama chake kimeondolewa kwenye uchaguzi, mshindi katangazwa kwa asilimia 97 na ushee, na mtu bado anaona kuna utovu wa adabu wa watoto tu.

Mtazamo huu haukuanguka kutoka mbinguni. Tangu 1965 hadi 1990 karatasi ya urais ilikuwa na jina moja, unasema ndiyo au hapana. Wabunge walishindana, lakini wote wa chama kimoja, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, kama asilimia 80 ya walioulizwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, sheria ikabadilishwa 1992. Yaani hata vyama vingi tulipewa kama mtoto anavyonunuliwa nguo ya Iddi, bila kuulizwa kipimo. Na lugha ikatusaliti: enzi za TANU kila mtu alikuwa ndugu, leo ni mheshimiwa kila kona. Chama kilichoshinda tunakiita chama tawala. Nani humwita mfanyakazi wake mtawala?

(Zanzibar naiacha kwa leo. Huko wanagombania maana ya 1964 yenyewe, na hiyo inataka siku yake.)

Wapinzani nao wasicheke. Mwaka 2007 pale Mwembeyanga walisoma orodha ya mafisadi, Edward Lowassa akiwemo. Mwaka 2015 wakamfanya mgombea wao wa urais, umati ukamshangilia kama Musa. Machi 2019 akarudi CCM. Waliomshangilia hawakuwa wakitafuta mfanyakazi bora, walikuwa wakitafuta baba wa kambo.

Hapa Uingereza nimeona kitu kimoja kinachonifurahisha kuliko hotuba zote. Julai 2024 Waziri Mkuu Rishi Sunak alisimama jukwaani jimboni kwake kusubiri matokeo, na kati ya wagombea wenzake alikuwemo mmoja anayejiita Count Binface, kavaa pipa la taka kichwani. Hakuna askari aliyemgusa. Saa chache baadaye Sunak alikuwa hana kazi. Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu kabla yake, alipoteza hata ubunge. Sisemi Waingereza ni malaika, maana wanachagua vituko pia. Nasema wanajua nani kamwajiri nani.

Najua jibu: "Hao Wazungu, sisi tuna mila zetu." Mila zipi? Wakenya si jirani zetu? Septemba 2017 Mahakama ya Juu yao ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Mtasema, na 2007 je? Hapo mna hoja nzito, na siipuuzi: zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi ule. Lakini walioumizana walikuwa na imani ileile, kwamba mtu wa kabila langu akiingia Ikulu, baba yangu kaingia, tutakula. Hilo ni tunda la serikali mzazi, msiniletee kama dawa yake.

Sasa kinachoniudhi hasa. Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kumpigia kura mbunge wa Uingereza, kwa sababu tu tumo Jumuiya ya Madola. Mwaka 2016 aliulizwa kama nchi hii itoke Umoja wa Ulaya, wakati jirani yake Mfaransa aliyekaa miaka ishirini hakuulizwa. Mkenya wa London mwaka 2022 alimpigia kura rais wake hapahapa London. Sisi rais wetu hatumpigii kura kutoka huku. Na wapo wenzetu ambao Julai ile asubuhi walipanga foleni kuifukuza serikali ya Sunak, jioni wakaandika kwenye grupu kwamba Watanzania bado hawajakomaa kwa mambo hayo. Naomba mmoja wao anieleze, yeye alikomaa akiwa kituo gani cha Central Line?