Mashabiki wakisusia mechi, nani ataumia?

Shabiki asiyewataka wamiliki wa klabu yake hubakiwa na silaha moja: kutolipa kiingilio. Kwa klabu za ukanda wa madini silaha hiyo ni butu, kwani fedha inayoziendesha haitoki mlangoni mwa uwanja.

Mfano ulio wazi ni Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa kituo cha mabasi na kupanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Ulipowasili udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, mwaka 2015, ndipo lilipozuka swali la nani mwenye timu. Wanachama walisema ni yao. Wengine walitaka iendeshwe kama kampuni. Acacia ilijitoa mwaka 2016, mgogoro ukiwa bado unafukuta, na mwaka 2019 timu hiyo ikaiaga Ligi Kuu.

Lakini pale, angalau, mwanachama alikuwa na mahali pa kusemea. Geita hali ni tofauti. Geita Gold ni timu ya halmashauri, iliyotegemea udhamini wa mgodi wa GGML. Ilicheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2022, ikashuka daraja mwaka 2024. Shabiki aliyekasirika angeweza kubaki nyumbani, ila majukwaa matupu yangewavunja moyo wachezaji kabla ya kumgusa mmiliki.

Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani, nao huhesabu kura kuliko tiketi. Malalamiko ya mashabiki wa Geita yangefaa yaanzie huko, kabla ya kufika Nyankumbu.